Kuongeza RAM na Kuweka SSD kwenye Laptopu ya Used: Nini Kinaingia na Nini Hakiingii

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Laptopu yangu ni Core i5 lakini nzito sana, ninunue RAM gani?" "Nimenunua SSD, haiingii." "Fundi kaniambia mashine yangu haipokei zaidi ya GB 8, ni kweli?" Wengi wanaouliza wana mashine za ukoo mmoja: HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, zikafika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zikauzwa na RAM ya GB 4 na hadidiski ya kuzunguka. Ni mashine imara, na ukizipa RAM (kumbukumbu ya muda inayobeba programu ulizofungua) na SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) zilizo sahihi, zinakufanyia kazi miaka mingine kadhaa.

Kinachowaumiza watu ni kununua kwanza na kuuliza baadaye. Fanya kinyume chake: fungua mashine, soma stika, ndipo utoe pesa.

Kabla ya yote: kipi kinabadilishika?

Diski inabadilishika karibu kwenye laptopu zote za ukoo huu. RAM inabadilishika kwenye nyingi, si zote. Prosesa sahau. Ukiona jina lake linaishia na herufi U, kama i5-4300U au i5-8250U, ujue imechomelewa kwa risasi kwenye ubao mama. Anayekuahidi kukubadilishia i5 iwe i7 kwenye mashine ya namna hiyo, mwambie akueleze hatua kwa hatua atafanyaje kabla hujamwachia mashine yako. Kadi ya picha ni hivyohivyo.

Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu? Nunua SSD kwanza. Hadidiski nyingi za laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika, na Windows inapowaka inasoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika kila kona ya diski. Hapo ndipo dakika zako zinapoishia. Mwenye GB 4 na SSD anafanya kazi kwa raha kuliko mwenye GB 16 na hadidiski ya kuzunguka. Ukipata nyingine, ongeza RAM ifike GB 8. Wanaofungua mafaili makubwa ya Excel au kuhariri video wafike 16.

Jambo jingine ulipime mapema. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama kilichomo ndani ya mashine) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Za chini yake zinazokubaliwa ni chache mno. Kizazi unakisoma kwenye namba: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Ukiwa na kizazi cha 4 hadi cha 7, RAM na SSD vitaifanya mashine iwe nyepesi, ila havitaifanya ikubalike rasmi kwa Windows 11. Bado inafaa kwa Linux Mint (mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows), shule na kazi za maandishi. Usiitumbukizie tu pesa ambayo ungeiongeza kidogo ukapata mashine ya kizazi cha 8.

Unachohitaji

- Bisibisi ndogo ya msalaba, namba PH0 na PH1. Bisibisi kubwa ya nyumbani inakula vichwa vya skrubu, na skrubu iliyolika kichwa itakupeleka kwa fundi kwa kazi ambayo ungeimaliza mwenyewe.
- Kadi ya plastiki isiyotumika ya kubanulia mfuniko. Kisu hapana.
- Fleshi ya GB 8 au zaidi kama utapiga Windows upya. Kama unataka kuhamisha kila kitu kama kilivyo, tafuta kasha la USB la kuwekea SSD mpya ukiwa bado unatumia diski ya zamani.
- Diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya mafaili yako.
- Karatasi ya kupangia skrubu. Chora umbo la laptopu, kila skrubu iweke pale ilipotoka.
- Betri iliyojaa na chaja iliyochomekwa wakati wa kuhamisha data. Kwenye mtaa ambao umeme unakatika, betri iliyokufa ni hatari kweli: mashine ikizimika katikati ya kazi utaanza upya.

Hatua kwa hatua

1. Jua jina kamili la mashine yako. "EliteBook 840" haitoshi. 840 G1 inatumia DDR3L, 840 G3 inatumia DDR4, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. "ThinkPad T480" na "T480s" zinatofautiana herufi moja, lakini T480 ina sloti (nafasi za kuchomekea) mbili za RAM, T480s ina sloti moja na RAM nyingine imechomelewa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, jina utalikuta kwenye mstari wa System Model. Lenovo wakati mwingine huonyesha kodi tu. Hapo geuza mashine usome stika ya chini.

2. Hesabu sloti. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha Memory. Utaona maandishi kama "Slots used: 1 of 2". Usiyaamini peke yake, kwa sababu RAM iliyochomelewa nayo inaweza kuhesabiwa kama sloti. Hakikisha kwa mwongozo wa matengenezo wa kiwanda. HP, Dell na Lenovo wanaitoa bure: tafuta jina la mashine pamoja na maneno "Maintenance and Service Guide" kwa HP, "Hardware Maintenance Manual" kwa Lenovo, au "Owner's Manual" kwa Dell. Humo mna picha za kila skrubu. Ni nyaraka bora kuliko video nyingi, na ajabu ni kwamba karibu hakuna anayezifungua.

MacBook Air zote, MacBook Pro za Retina na ThinkPad X1 Carbon hazina sloti ya RAM. Kiasi ulichonunua nacho ndicho utakachokaa nacho.

3. Soma stika ya RAM iliyomo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu. Toa kipande kilichomo au kipige picha kikiwa ndani. Tuseme kimeandikwa hivi:

4GB 1Rx8 PC3L-12800S

4GB ni ukubwa. 1Rx8 ni mpangilio wa chipu juu ya kipande. Si lazima ulingane na kipya. PC3L ndiyo yenye uzito: ni DDR3 inayotumia volti 1.35. Bila herufi L, yaani PC3, ni ile ya volti 1.5. Namba 12800 ni kasi ya 1600. Herufi S inamaanisha kipande kifupi cha laptopu, si kile kirefu cha kompyuta ya mezani.

Kwenye DDR4 utaona kitu kama 8GB 1Rx8 PC4-2400T. Ni sarufi ileile, ila hapa kasi, 2400, imeandikwa wazi.

Ukishasoma stika, linganisha na kizazi cha prosesa yako:

- Kizazi cha 3: DDR3 ya kawaida, na kwa kawaida hata DDR3L inakubali.
- Kizazi cha 4 na cha 5: DDR3L. Ukiweka PC3 isiyo na L, inaingia na kubana vizuri kabisa, lakini mashine haiwaki. Wengi hudhani wameiua. Ukiitoa, mashine inarudi.
- Kizazi cha 6: ama DDR3L ama DDR4, inategemea kiwanda. ThinkPad T460 na EliteBook 840 G3 zote ni za kizazi hiki. Ya kwanza inakula DDR3L, ya pili DDR4. Ndiyo maana "nina i5 ya kizazi cha 6" haimtoshi muuzaji kukupa RAM sahihi.
- Kizazi cha 7 hadi cha 10: kwa sehemu kubwa DDR4.
- Kizazi cha 12 na kuendelea: DDR4 au DDR5.

DDR3, DDR4 na DDR5 zina mkato kwenye sehemu tofauti ya ukingo. Kipande kikigoma kukaa, usikilazimishe. Umebeba aina isiyo yake.

Kuhusu kuchanganya: kampuni mbili tofauti zinakaa pamoja. GB 4 na GB 8 zinakaa pamoja. Kasi mbili tofauti nazo zinakaa pamoja, ila zote zitakwenda kwa mwendo wa iliyo polepole, na hazitazidi mwendo ambao prosesa inaruhusu. Kwa hiyo RAM ya 3200 kwenye mashine ya 2400 si kosa, mradi usiilipie zaidi ukitegemea kasi hiyo.

Na lile la "haizidi GB 8"? Mara nyingi si kweli. Mashine za kizazi cha 4 zinapokea hadi GB 8 kwa kila sloti, kwa hiyo yenye sloti mbili inafika 16. Zile za DDR4 za kizazi cha 6 na cha 8 zenye sloti mbili zinafika 32. Zenye sloti moja, kama ThinkPad X250, ndizo zinazokubana.

4. Tambua mdomo wa diski yako. Kuna aina nne utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni SATA ya inchi 2.5, umbo lilelile la hadidiski ya kawaida. Hii ndiyo rahisi: toa ya zamani, weka mpya. Angalia unene tu. SSD nyingi zina milimita 7, na nafasi ya milimita 9.5 itaiacha ikicheza. Fremu ndogo ya plastiki inamaliza hilo.

Ya pili ni mSATA, kadi fupi pana inayopatikana kwenye mashine kama Latitude E7440. Inazidi kuadimika madukani.

Ya tatu na ya nne ndizo zinazowachanganya watu: M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe. M.2 ni umbo la kadi nyembamba; SATA na NVMe ni njia mbili za kuunganisha diski na mashine, NVMe ikiwa ya kasi zaidi. Zina upana mmoja na mara nyingi urefu mmoja. Namba 2280 maana yake milimita 22 kwa 80. 2242 ni fupi, milimita 42. Ya SATA kwa kawaida ina mikato miwili kwenye meno yake, ya NVMe ina mmoja. Lakini mkato haumalizi hesabu. Zipo sloti ambazo kadi inaingia vizuri na mashine haiioni, kwa sababu sloti hiyo imeunganishwa kwa SATA tu au NVMe tu. Mwongozo wa kiwanda ndio wenye jibu.

Zingatia pia kwamba Latitude E7470 na 7480 zina M.2 pekee, hakuna pa kuweka diski ya inchi 2.5. ThinkPad T480 iliyokuja na hadidiski itahitaji kibebeo chake maalumu ndipo upachike NVMe. Muulizie bei ya kibebeo hicho kabla hujanunua diski.

Usijisikie umeonewa kama mashine yako ni ya SATA tu. SATA inafika karibu MB 550 kwa sekunde na NVMe nzuri ya PCIe ya kizazi cha tatu (si kizazi cha prosesa) inafika karibu 3500, lakini kwenye kuwaka, kufungua Word na kivinjari, tofauti hiyo huioni sana. Ile ya kutoka hadidiski kwenda SSD yoyote utaiona dakika ya kwanza.

5. Nunua, na pima palepale. SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 128 ni bandia. Ndani yake kuna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa, na mafaili yako yataharibika siku utakapopita kiwango chake halisi. Jaza diski yote kwa programu ya H2testw kabla hujaweka kitu cha maana. Ikiwa ni ya uongo itaumbuka. Kwa SSD ya used, mwambie muuzaji aichomeke na afungue CrystalDiskInfo: utaona asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Muuzaji anayekataa, ondoka. Ukiona GB 238 kwenye diski ya GB 256, hapo hujaibiwa. Windows inahesabu kwa kipimo kingine.

6. Hifadhi mafaili yako na ufunguo wa BitLocker. Nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje. Kisha angalia kama BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data za diski, imewashwa. Kama imewashwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi na uisimamishe kwanza. Bila ufunguo huo, mabadiliko madogo tu kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayowaka kabla ya Windows) yanaweza kukufungia nje ya data zako mwenyewe.

7. Zima kabisa. Shikilia Shift huku ukibofya Shut down, ili Windows isijizime nusu. Chomoa chaja. Betri ikiwa ya nje, itoe. Ikiwa ya ndani, utachomoa kebo yake mara tu ukifungua mfuniko. Kwenye ThinkPad nyingi unaweza pia kuizima kupitia BIOS kabla ya kufungua. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili kuondoa umeme uliobaki.

Hii usiiruke. RAM iliyochomekwa wakati betri inapitisha umeme inaweza kuua ubao mama, na ubao mama bei yake inakaribia ya laptopu nzima.

8. Fungua mfuniko. Gusa kitu cha chuma kwanza ili umeme tuli utoke mwilini. Skrubu nyingine hazitoki kabisa, zinabaki zikining'inia kwenye mfuniko, usizivute. Anza kubanua kwenye pembe ya bawaba. Mfuniko ukigoma, kuna skrubu umeisahau, mara nyingine chini ya mguu wa mpira.

9. Weka RAM. Panua klipu mbili za pembeni, kipande cha zamani kitanyanyuka chenyewe. Kipya kiingize kwa mshazari, kama nyuzi 30, ukisukuma hadi meno ya dhahabu karibu yote yazame. Kisha kikandamize chini mpaka klipu zilie. Kosa la kawaida kuliko yote ni kukandamiza kabla meno hayajazama: kwa macho kinaonekana kimekaa, lakini mashine haikioni.

10. Weka SSD. Ya inchi 2.5 unaihamishia kwenye fremu ya diski ya zamani, kisha unaisukuma moja kwa moja kwenye kiunganishi. M.2 inaingia kwa mshazari, unailaza, unaifunga kwa skrubu moja ndogo. Skrubu hiyo mara nyingi haiji na SSD, kwa hiyo iombe dukani.

11. Washa kabla hujafunga skrubu zote. Rudisha kebo ya betri, egesha mfuniko, washa. Skrini inaweza kukaa giza kwa muda mara ya kwanza wakati mashine inaitambua RAM mpya. Kwenye DDR5 inaweza kuchukua hata dakika kadhaa. Subiri. Ingia BIOS (F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad) uone kama RAM na diski vimeandikwa.

12. Piga Windows au hamisha ya zamani. Mimi napendelea kupiga upya. Mashine ya used imepita mikononi mwa watu usiowajua. Ukitaka kuhamisha, Clonezilla ni ya bure, na Samsung, Crucial na WD wana programu za bure kwa wanunuzi wa diski zao. Leseni ya Windows iliyosajiliwa kwa mashine haipotei kwa kubadilisha diski au RAM. Piga toleo lilelile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, unganisha intaneti, itajitambua.

Mambo yakikwama

*Skrini nyeusi, mashine inalia au taa zinapepesa.* Karibu kila mara ni RAM. Itoe, irudishe kwa uthabiti. Jaribu kipande kimoja kimoja, kila sloti. Ikiwaka na cha zamani peke yake, soma stika ya kipya tena.

*RAM inaonekana GB 8 lakini inayotumika ni chini ya 4.* Umepiga Windows ya biti 32. Piga ya biti 64.

*Windows inapopigwa haioni SSD kabisa.* Kama BIOS inaiona, angalia mpangilio wa SATA: ukiwa RAID au Intel RST, uweke AHCI. Usiubadilishe kwenye mashine ambayo tayari ina Windows unayoitaka, haitawaka. Kwenye mashine za kizazi cha 11 kwenda juu huenda ukahitaji draiva ya Intel RST kwenye fleshi. Kama hata BIOS haiioni, rudi hatua ya 4: huenda umeweka NVMe kwenye sloti ya SATA.

*SSD ya pili imekaa vizuri lakini haionekani kwenye This PC.* Haijaandaliwa. Fungua diskmgmt.msc, chagua GPT, tengeneza sehemu mpya. Hakikisha unagusa diski mpya, si ile yenye mafaili yako.

*"No boot device" baada ya kuhamisha.* Diski ya zamani ilikuwa ya Legacy (njia ya zamani ya kuwasha mashine) na BIOS imewekwa UEFI (njia mpya), au kinyume chake. Badilisha upande mmoja ulingane na mwingine.

*Inawaka, kisha inaganda au kuleta skrini ya bluu.* Acha MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kurudisha RAM dukani, kwa hiyo tunza risiti. Kama vipande vyote viwili ni vizima kila kimoja peke yake lakini vinagoma pamoja, havipatani, badilisha kimoja.

*Umeweka vyote na bado nzito.* Fungua Task Manager uone CPU. Ikiwa iko chini ya GHz 1 hata unapofanya kazi, mashine inajibana: ama chaja ni dhaifu au haitambuliki, ama joto limezidi. Safisha feni, badilisha grisi ya prosesa, na ujaribu chaja halisi ya wati 65.